Mtani Aliyesema Hapana

1

"Sitaki," alisema Otmar. "Mwacheni afe. Mhehe mmoja akipungua, mbwa wa Iringa watalala usingizi."

Wodi nzima ikaangua kicheko. Lukelo Chengula, ambaye ndiye aliyekuwa akiombewa kufa, alicheka mpaka mashine iliyokuwa ikisoma mapigo yake ikaanza kulia, nikalazimika kwenda kuzima king'ora chake.

"Mtani, taratibu," Lukelo alisema huku akishika ubavu. "Utaniua kabla ya kisu."

"Kufa basi! Jeneza nimeshachonga. La mlingoti, maana kumpa Mhehe mbao za mninga ni kuharibu msitu."

Mimi ni Gaudensia Nchimbi, fundi wa Daraja, ile mashine inayouunganisha moyo wa mtu mzima na wa mgonjwa, katika hospitali yetu ya moyo hapa Iringa. Kwa kabila ni Mngoni wa Peramiho, kama Otmar Mapunda mwenyewe, kwa hiyo na mimi nilikuwa na haki yangu ya kumtukana Lukelo asubuhi ile, na niliitumia. Nilimwambia babu yake aliwakimbia babu zetu vitani mpaka akasahau ngao. Akanijibu kwamba babu zetu walitoka kusini wakikimbia na hawajapumzika mpaka leo. Tukagonganisha viganja. Ndivyo tulivyo, Wangoni na Wahehe. Tulichinjana, tukachoka, tukawa watani.

Walioandika sheria ya Daraja huko Dodoma walitaka mbebaji, yaani yule mzima anayejitolea moyo wake umsaidie mgonjwa, atoe kauli mara tatu mbele ya mashahidi. Nadhani walimwazia mtu aliyesimama wima, amechana nywele, akisema nakubali, nakubali, nakubali, kama anayefunga ndoa. Hawakujua nani atakuja kubeba. Daraja lilipofika nchini lilikaa mwaka mzima limefunikwa shuka. Ndugu wa damu hawafai, kwa sababu moyo humzoea ndugu, haushtuki. Watu baki nao waliuliza, kwa nini mimi? Na ni swali halali. Mpaka siku moja mtani mmoja akasema, kama mimi ndiye nitakayemchimbia kaburi huyu mshenzi, afadhali nimbebe sasa, nipumzishe mgongo. Tangu siku hiyo kitanda cha Daraja hakijakosa mtu.

Na watani wakaja na adabu zao, yaani utovu wao wa adabu. Mbebaji husema sitaki, mara tatu, kila mara na tusi lake. Kisha watu wa mgonjwa humkimbiza na kumwagia unga, naye hupanda kitanda kwa miguu yake mwenyewe. Kupanda ndiko kukubali. Dodoma walinung'unika, mwisho wakasalimu amri. Sijawahi kumsikia mbebaji akisema nakubali. Angesema hivyo tungempima homa.

"Mara ya pili!" alidai Semkiwa, mke wa Lukelo, mwanamke mnene mcheshi aliyekuwa ameficha bakuli la unga nyuma ya kanga, akidhani hatulioni.

"Sitaki. Akifa nitamwoa Semkiwa, nimfundishe kupika, maskini, maana kwa huyu alikuwa akichoma tu nyama asiyoijua jina."

Kelele. Muuguzi mmoja alilazimika kutoka nje kucheka.

"Ya tatu!"

Otmar alimtazama Lukelo. Walikuwa wamejenga nyumba zao ukuta kwa ukuta kule Kihesa, seremala na mwashi, mmoja akisimamisha kuta na mwenzake akitia madirisha. Alimtazama, akalamba midomo.

"Sitaki," alisema.

Tukangoja tusi. Halikuja. Semkiwa hakungoja zaidi, alimrukia na bakuli, na yule mwanamume mzima akawa mweupe kuanzia utosini hadi kifuani, watoto wa Lukelo wakashangilia, watu wakampigia makofi mpaka kwenye kitanda cha magurudumu. Akapanda. Nikamfunga mkanda wa kiunoni, nikashuhudia kwamba kauli imetolewa.

2

Moyo ukifanyiwa upasuaji mkubwa lazima usimame. Huwezi kushona shati huku mwenyewe anacheza ngoma. Unaweka kibano kwenye mshipa mkuu, unaupa moyo dawa baridi, unatulia, na mashine inasukuma damu kwenda mwili mzima isipokuwa huko kwenye moyo wenyewe. Kwa hiyo tunapoutibu tunaushindisha njaa. Njaa fupi unaivumilia, hasa ukiwa kwenye barafu. Njaa ndefu, msuli unakufa mikononi mwako huku umeshona vizuri kabisa.

Daraja lilikuja kwa ajili ya njaa ndefu. Unamchukua mtu mzima wa afya, unamfunza moyo wake kwa majuma mawili, ukibana mkono, ukibana paja, ukiachia, mpaka mwili wake unakuwa mwepesi kushtuka. Siku yenyewe unapitisha mrija mpaka kwenye mishipa ya moyo wake na kuifunga kidogo kidogo. Moyo wake unadhani unakufa. Unatoa kitu ndani ya damu, kitu ambacho maabara za dunia nzima zimeshindwa kukitengeneza, na kisichokaa hata dakika chache bila kuharibika. Sisi mafundi tunakiita jasho. Tunalichuja, tunalipeleka kwa mgonjwa kabla ya kibano, na moyo uliokunywa jasho la mwenzake unalala njaa nusu siku na kuamka kama hakuna kilichotokea.

Kilichotokea hubaki kwa mbebaji. Kipande cha msuli wake hufa kweli. Kwa wengi ni kama ukucha wa dole gumba, hawasikii kitu. Kwa wengine ni zaidi. Mimi nilimbebea mwalimu mmoja Mhehe wa Ifunda, na tangu hapo siwezi kupanda mlima wa Gangilonga bila kusimama na kujifanya naangalia mji. Sijutii. Lakini sheria inasema mara moja tu katika maisha, nami yangu nimekwisha itoa. Wachache hawaamki. Hilo nalo tunawaambia, na wao hujibu kwa utani, nasi tunaandika kwamba wameelewa.

Dakta Mbaruku, mtu wa Tanga, mpole, asiyekuwa mtani wa yeyote kati yetu, alikuwa amesema huenda barafu ingetosha. Picha zilionyesha uvimbe mdogo kwenye mshipa mkuu na vali moja iliyochoka. Alipofungua kifua aliweka kisu chini.

"Gaude," aliniita. "Njoo uone."

Ukuta wa ule mshipa ulikuwa mwembamba kama ganda la kitunguu, na pembeni damu ilikuwa imeanza kuchuruzika. Uvimbe ulikuwa umeshuka hadi kwenye mizizi yake, pale mishipa ya moyo inapochipukia.

"Hapa hakuna kurudi nyuma wala kufunga tuje kesho," alisema. "Nitauunda upya wote. Ni kazi ya mchana kutwa. Nipe Daraja."

Nikaenda chumba cha pili, kile kinachotenganishwa na kioo. Otmar alikuwa amelala chali, macho wazi. Mbebaji halazwi usingizi, kwa sababu moyo uliolala haushtuki. Anapigwa ganzi tu kwenye paja, na anakaa hivyo akisikiliza. Nywele zake bado zilikuwa na unga. Nilichukua mrija, nikainama.

Akanishika mkono.

"Dada Gaude."

"Niambie."

"Sitaki."

Nikacheka. Mazoea. "Umeshasema mara tatu, kaka. Hii ya nne ni nyongeza ya nini?"

Hakucheka. Na hapo ndipo nilipokumbuka ninazungumza na nani. Mimi na Otmar hatutaniani. Sote Wangoni. Mama yake na mama yangu walisali kanisa moja. Hakuna utani kati yangu na yeye, haujawahi kuwapo, na akiniambia jambo ananiambia.

"Kwa nini hukusema?" nilimwuliza.

"Nimesema!" Sauti ilimpasuka. "Nimesema mara tatu mbele ya watu. Ulikuwepo, dada. Ulicheka."

"Ukapanda kitanda."

"Ningeshukaje? Semkiwa amenimwagia unga, watoto wanapiga makofi. Ningesemaje mtu anisikie? Kila neno nililokuwa nalo lilikuwa la kuchekesha. Nikasema, basi, dakta amesema huenda barafu itatosha, Mungu atanisaidia, hawatanihitaji. Nimemwona Kasian."

Kasian ni kaka yake. Alimbebea Mhehe mmoja dereva, na dereva yule hadi leo anaendesha. Kasian anakaa mlangoni kwake kwenye kiti, na mkewe anamlisha uji kwa kijiko kwa sababu mkono wake ukinyanyuka mara mbili pumzi inamkatika.

"Otmar," nilisema, "nisikilize. Kifua kimeshafunguliwa. Hakuna mbebaji mwingine aliyefunzwa. Bila wewe Lukelo atakufa."

"Najua."

"Ni rafiki yako."

"Ni zaidi ya ndugu yangu! Mama alipokufa nani aliingia kaburini kumpokea? Si yeye?" Machozi yalikuwa yakimtiririka kuelekea masikioni, na kile kitanda cha chuma kilikuwa kikigonga ukuta kwa jinsi alivyokuwa akitetemeka. "Nampenda. Lakini naogopa, dada. Naogopa tu. Sina sababu nyingine ya maana."

Msinitazame hivyo. Najua mnachotaka kusema, na nilikisema chote kichwani mwangu pale pale. Woga si kukataa. Wabebaji wangapi nimewashika mkono wakitetemeka, nikawaimbia, wakatulia, na leo wanatembea kifua mbele? Sheria ilikuwa upande wangu. Kauli ilikuwa imetolewa, mashahidi walikuwapo, hata unga ulikuwapo. Na ng'ambo ya kioo kulikuwa na mtu aliyefunguliwa kifua, baba wa watoto wanne, aliyenitukania babu yangu asubuhi hiyo hiyo.

Nikamwuliza jambo moja.

"Nikiendelea, utanizuia?"

Alifikiri. Nawaapia alifikiri kwa haki kabisa, kama mtu anayepima ubao.

"Sitakuzuia," alisema. "Lakini ujue nimesema."

Nilisimama na mrija mkononi. Kama angenipiga teke ningemshika kwa nguvu, ningemwita muuguzi, ningemaliza kazi na kumwomba radhi kesho yake. Lakini mtu aliyeuachia mkono wako na kukuambia ujue, unamfanya nini? Wote tulimcheka. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nimemsikia.

Nikaurudisha mrija kwenye sinia. Kama ningetoka na kusema mbebaji amekataa, wauguzi wangecheka kwanza. Kisha wangeamini, na hapo ndipo pangekuwa pabaya zaidi. Otmar asingeweza tena kununua hata chumvi Kihesa. Nikafungua ubavu wa Daraja, nikachomoa kichujio, nikakivunja kwa kisigino.

"Dakta," nilisema mlangoni. "Daraja limekataa."

Dakta Mbaruku aliinua macho. Alinitazama, kisha akatazama ng'ambo ya kioo, akamwona yule mwanamume mwenye unga kichwani amejifunika uso kwa mikono miwili.

"Limekataa, Gaude?"

"Limekataa, dakta."

Hakuuliza tena. "Leta barafu," alisema. "Yote."

3

Tulifanya kazi kama bibi zetu. Dawa baridi, barafu iliyosagwa kuuzunguka moyo, kisha dawa tena, kisha barafu. Nilikuwa nikiyachota yale maji ya barafu kwa kikombe na kuyamwaga taratibu, vidole vimekufa ganzi ndani ya glavu. Mwanzoni ulilala vizuri. Ulikuwa mlegevu, wa kijivu, umetulia, na nikamwambia kimoyomoyo, vumilia mtani, vumilia mla mbwa wewe, vumilia.

Dakta alishona kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwa binadamu. Vali ilikaa. Mshipa mpya ulikaa. Ilipobaki kuurudishia moyo mishipa yake miwili, niliugusa ukutani kwa mgongo wa kidole, nikasikia jambo ambalo nilikuwa nimesoma tu chuoni. Msuli ulikuwa unakaza. Haukuwa mlegevu tena.

"Dakta, unakaza."

"Naona."

"Nimwage tena?"

"Mwaga, mama. Mwaga."

Alimaliza. Ilikuwa kazi safi ajabu, mshono juu ya mshono, ungeweza kuipiga picha ukawafundishia watoto. Akafungua kibano. Damu ikaingia kwenye moyo ya moto, nyekundu, na moyo ukakaa vile vile, umejikunja kama ngumi. Akaushika mkononi, akaukamua. Akaushtua kwa umeme. Akaukamua tena. Wa zamani waliuita moyo wa jiwe, na sasa nilijua hawakuwa wakitafuta maneno matamu.

Kioo kikagongwa.

Otmar alikuwa amesimama. Alikuwa ameng'oa mkanda, guu lililopigwa ganzi akiliburuta, viganja vyote viwili kwenye kioo. Alikuwa amemwona dakta akikamua.

"Niunganisheni!" alipiga kelele. "Dada! Nataka! Nimesema nataka! Nataka!"

Wauguzi waligeuka, wakashangaa. Hakuna aliyewahi kulisikia neno hilo likitoka kwenye chumba kile. Lakini jasho hupewa moyo kabla ya njaa. Ukishakuwa jiwe haunywi kitu. Nilimtikisia kichwa kupitia kioo, naye akaendelea kusema nataka, nataka, mpaka sauti ikamwisha na midomo ikabaki ikitembea.

Dakta Mbaruku akaitoa mikono yake kifuani, akaitazama. "Inna lillahi," alisema. Kisha akaniambia nizime mashine, na nikaizima.

4

Tulimzika kwao Tosamaganga, kijua cha Iringa kikiwaka bila joto, upepo ukipepea kanga za wanawake. Niliambiwa nisiende, kwa sababu ya pumzi na ile njia ya mlima. Nilikwenda. Nilisimama mara nyingi, na safari hii sikujifanya naangalia kitu.

Watani walikuwa wamefika tangu asubuhi, Wangoni wa mji mzima, na walikuwa wakifanya kazi yao. Wawili walichimba kaburi huku wakilalamika kwamba Mhehe ni mrefu bila sababu. Mwanamke mmoja alivaa koti la marehemu na kofia yake ya uashi, akawa anazunguka akipima kuta za watu kwa kamba na kusema zote zimepinda isipokuwa zake. Alimwigiza mpaka kile kikohozi chake. Waombolezaji walikuwa wakilia, wanajikuta wanacheka, wanalia tena. Ndiyo dawa yetu. Sijui watu wasio na watani wanazikanaje.

Semkiwa alikaa kwenye mkeka, amenyooka. Hakulia na hakucheka. Wanawake walinong'ona kwamba tangu jioni ile hajafungua kinywa hata kwa uji, na kwamba hivyo ndivyo mtu anavyomfuata mumewe.

Otmar alikuja nyuma ya jeneza. Alikuwa amelichonga yeye. La mninga.

Jeneza lilipofika ukingoni, kabla halijateremshwa, alitoka katikati ya watu akaruka ndani ya kaburi. Akalala chali, mikono kifuani.

"Hapana!" alisema. "Haingii huyu. Naingia mimi."

Vicheko vikalipuka. Ni jambo la kawaida, mtani kulala kaburini na kuzuia mazishi mpaka apewe kitu.

"Mpeni pombe ya ulanzi atoke!" mzee mmoja alipiga kelele. "Mngoni hatoki bure!"

"Sitaki ulanzi. Nizikeni mimi. Mimi ndiye niliyemuua."

"Tunajua!" watu wakajibu, wakipiga makofi. "Tangu zamani ulimtamania mke!"

"Nimemuua kwa mikono yangu! Aliniomba nimbebe nikamwacha afe! Jamani, nisikieni, ni mimi!"

Waliangua kicheko. Walishikana mabega. Yule mwanamke mwenye kofia ya uashi alikaa chini kabisa kwa kicheko. Hakuna mtani aliyewahi kulitenda vizuri namna ile, machozi ya kweli, sauti ya kweli, udongo mdomoni. Na kwenye mkeka nikasikia sauti ambayo haikuwa imesikika tangu jioni ile. Semkiwa alikuwa akicheka. Ilianza kama kwikwi, kisha ikafunguka, akacheka na machozi yakaja nayo kwa mpigo mmoja, mengi, yale yaliyokataa kutoka, na wanawake wakamkumbatia wakisema, lia mama, lia, afadhali.

"Asante, mtani," alisema akijipangusa. "Asante. Mungu akulipe."

Kule chini Otmar alinyamaza. Aligeuza kichwa polepole, akipita uso mmoja baada ya mwingine pembeni mwa lile shimo, mpaka akanipata. Alikuwa amekwisha sema. Alinitazama mimi, Mngoni mwenzake, ambaye hajapata kutaniana naye, akingoja niwaambie watu kwamba mtu huyu anasema kweli.

Semkiwa alinyoosha mkono akanishika kiganja, bado akicheka na kulia, akiwa mtu hai tena.

Nami nikacheka. Nilicheka kwa sauti kuliko wote, huku nikimtazama, mpaka akafumba macho.